Niliyomwambia Mtani

Jumatatu, 7 Julai

Uji saa moja. Nusu bakuli. Vidonge. Kisha Mwajuma akanihamishia kwenye kiti cha dirishani na kunifunika blanketi miguuni. Baridi ya Julai inaingia mpaka kwenye mifupa. Mwajuma ni binti yangu, mjane, mwalimu mstaafu, na sasa kazi yake ni mimi. Hanung'uniki. Ningependa anung'unike kidogo.

Moyo umechoka. Daktari pale hospitali ya Kitete hakuzungukazunguka. Alisema dawa hizi ni za kunipumzisha tu. Nilimshukuru. Nimekuwa mhandisi maisha yangu yote, napenda kuambiwa nguzo inabeba kiasi gani na itaanguka lini.

Basi niandike ninachokificha, kabla kalamu haijanishinda. Namwonea wivu mjukuu wangu. Si ule wivu wa babu anayetaniana na mjukuu. Ni wivu wenyewe, unakaa chini ya mbavu na kuuma.

Anaitwa Zuhura. Ni binti wa Mwajuma, amekulia katika nyumba hii. Amemaliza chuo mwezi huu, shahada ya usimamizi wa uhandisi. Nyumba nzima inafurahi. Mimi nasema ni shahada ya nusunusu, wala si uhandisi wala si uongozi. Wanadhani ni ukali wa mzee. Siyo.

Jumanne, 8 Julai

Zuhura alinisomea magazeti asubuhi. Kisha nikamchokoza. Nikamuuliza, hivi miaka minne hiyo walikuwa wanakufundisha nini hasa.

Akanieleza kwa utulivu, huku ananikata kucha. Miaka miwili ya kwanza ni hisabati, mekanika, uimara wa vifaa, michoro. Hayo nayajua. Baada ya hapo wanaingia kwenye ratiba za miradi, makadirio ya gharama, mikataba, ununuzi, ubora, usalama kazini. Halafu namna ya kuongoza watu.

Nikasema, nani kwenye dunia hii anafundishwa kuongoza watu kwa chaki?

Akasema, "Wewe ulifundishwa na nani, mume wangu?"

Ananiita mume wangu, namwita mke wangu, kama babu na mjukuu wanavyopaswa. Mwajuma alicheka kule jikoni. Mimi nilitazama kucha zangu.

Hakuna aliyenifundisha. Nilipelekwa kazini na digrii ya ujenzi, rula ya kupigia hesabu na tai mbili. Wahandisi wazawa mkoa huu tulikuwa wachache kiasi kwamba watu walitoka majumbani kuja kuniona nikishuka kwenye gari. Hesabu zangu hazikuwahi kukosea. Hata leo nalala nikijua hazikukosea.

Alhamisi, 10 Julai

Leo nimelikumbuka tangi la maji la Puge. Sikulikumbuka, nimekumbushwa.

Zuhura aliniomba nimsimulie kazi moja iliyonishinda. Alitaka mfano wa kufanyia mazoezi, maana ana usaili. Kwa majivuno nikachagua Puge, kwa sababu pale hakuna awezaye kunilaumu. Nilichora tangi lile mwenyewe. Msingi mzuri, kuta nzuri, mwamba chini yake. Halikuisha kwa miaka. Saruji ilifika mapema ikagandia ghalani. Mabomba yalifika mitaro haijachimbwa, yakalala juani. Mitaro ilipoanza, vijana wote walikuwa kwenye mabani wakikausha tumbaku. Waliporudi, mvua ikafunga barabara. Nikapiga kelele, nikafukuza watu, nikaandika barua kali kwenda makao makuu. Mwishowe wakamleta mtu mwingine kusimamia. Hakuwa hata mhandisi kamili. Alimaliza. Alipandishwa cheo, mimi nikabaki kwenye meza ya michoro mpaka nilipostaafu.

Nilizoea kuiita bahati mbaya.

Zuhura alichukua karatasi akachora mistari ya mlalo, mifupi na mirefu, mmoja chini ya mwingine. Kipi kinasubiri kipi. Akaniuliza miezi ya tumbaku, miezi ya mvua. Chai yangu haikuwa imepoa alipoweka kidole juu ya karatasi.

"Hapa, babu. Ungeanza mitaro kabla ya kuagiza chochote. Halafu kazi ya vijana iipishe miezi ya tumbaku. Tangi lenyewe halina tatizo, ni zuri."

Hakuwa ananisuta. Alikuwa anafurahia fumbo.

Nilimwambia nataka kulala. Nilijifunika blanketi mpaka usoni. Yule binti ana umri wa miaka ishirini na minne, na amefundishwa darasani, akiwa amekaa kwenye dawati, jina la kile kilichoyala maisha yangu. Wana somo zima lake. Wanalifanyia mtihani.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeswali nikiwa nimekaa. Mwajuma amekwenda sokoni Kachoma.

Jana niliandika mengi, leo mkono unatetemeka. Lakini kuna hili pia. Babu wa babu yangu alikuwa kiongozi wa wapagazi, kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani na kurudi. Njia yao ilipita nyuma ya shule ya msingi ya hapa mtaani. Nilimsimulia Zuhura tangu mdogo. Jinsi kiongozi alivyopima mwendo kwa mpagazi aliye dhaifu, si kwa aliye hodari. Jinsi mizigo ya vitambaa ilivyogawanywa ili mmoja akitoroka hasara isiwe kubwa. Jinsi alivyotuma watu mbele kuulizia maji kabla msafara haujafika.

Mwaka huu wa mwisho alisimama mbele ya wahadhiri akayaeleza yote hayo kama somo la kupanga kazi. Walimpigia makofi. Mwajuma alinionyesha video kwenye simu. Hadithi ni yangu, makofi yake. Nilisema sauti haisikiki vizuri.

Jioni

Mwajuma aliuliza lile swali la wazazi wote. Kazi iko wapi? Zuhura hakumdanganya. Alisema waajiri wengine wanamuuliza wewe ni injinia au meneja, na wengine hawajui wamweke wapi. Kujisajili kwenye bodi ya wahandisi nako kuna mjadala wake. Mwenzake mmoja yuko mgodini Geita, anapanga matengenezo ya mitambo. Mwingine yuko kiwanda cha sabuni Dar, upande wa uzalishaji. Mwingine anashughulikia manunuzi ya kampuni ya barabara. Na mwingine, hodari kuliko wote, anauza makava ya simu Kariakoo.

"Na wewe?" mama yake akauliza.

Yeye ana nafasi moja. Mradi wa maji unaosogeza mabomba kwenye vijiji unatafuta msaidizi wa mipango na ratiba. Alifanya mafunzo ya vitendo hapo mwaka jana. Wamebaki wawili, yeye na kijana aliyesoma ujenzi. Mhandisi wa eneo, Kondo, ndiye atakayependekeza jina kwa mkuu wake. Kesho Kondo anapita kunisalimia. Amesikia kuna mhandisi mzee humu ndani.

Nilihisi moyo ukienda mbio. Mwajuma alidhani ni ugonjwa.

Jumamosi, 12 Julai

Kondo alikuja saa nne. Mtu mnene, mchangamfu, Mzaramo wa Kisarawe. Aliingia akipiga kelele "Mwangaluka!", salamu yetu ya asubuhi, kwa lafudhi ya kutukejeli, halafu akashika mikono yangu miwili na kuinama. "Shikamoo mzee." Nikaitika marahaba. Basi heshima ikaishia hapo.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walifika kwao na mizigo kichwani, wakala chakula chao, wakapigana, wakazikana. Tangu hapo tunaweza kuambiana lolote na hakuna ruhusa ya kukasirika.

"Mzee, nimesikia unataka kufa," alisema. "Usife katikati ya wiki, niko saiti. Kufa Jumamosi, nije nilale kaburini mpaka wanao wanipe jogoo."

"Wewe na tumbo hilo tutalazimika kuchimba makaburi mawili," nikasema.

Mwajuma alicheka mpaka akashika ukuta. Miezi imepita sijamsikia akicheka hivyo. Kondo akaendelea. Kwamba babu zangu walibeba pembe za ndovu miezi mitatu kwa sababu hawakujua kwamba mtu anaweza kukataa. Nikamjibu kwamba babu zake walitudai ushuru wa kupita kwenye njia ambayo miguu yetu ndiyo iliyoitengeneza. Kwa muda nilisahau kuwa ni mgonjwa.

Kisha Zuhura alikwenda kuleta chai, na Kondo akapunguza sauti. Akasema anampenda binti huyu kwa kazi yake. Akauliza, mimi kama mhandisi namwonaje.

Usiku kucha nilikuwa nalisubiri swali hilo. Nikasema, "Usimpe. Anajua kuchora mistari ya kazi za wengine. Hajawahi kusimama kwenye zege. Atakuaibisha mbele ya mafundi."

Nilimtazama machoni nikisema hivyo.

Kondo alijipiga paja. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Babu anaona wivu!" akamwambia Mwajuma. "Hataki mke wake aende saiti akutane na vijana!" Zuhura aliporudi na chai akasimuliwa, naye akacheka, akaja kunipangusa kidevu kwa kanga yake. "Mume wangu, nitarudi kila Jumamosi."

Wote walilitamka lile neno. Wivu. Walilitupiana kama mpira.

Jumapili, 13 Julai

Sikula. Nina hasira na watu wanaocheka.

Jumatatu, 14 Julai

Nimefanya.

Mwajuma alikuwa ua wa nyuma anafua. Zuhura alikwenda kupiga picha za pasipoti. Simu ya Mwajuma ilikuwa mezani. Kondo alikuwa ameacha namba yake ili ajulishwe siku ya jogoo, yaani ya maziko yangu.

Alipokea haraka, nilisikia mngurumo wa gari. Akaanza, "Enhe, mtani, umeshakufa?" Nikamkatiza. Nilisema, "Kondo, nisikilize. Leo siongei kama mtani. Naongea kama mhandisi mwenzako. Nilichokuambia Jumamosi ni kweli. Binti yule hafai kwa kazi ile. Mimi nimemlea, namjua. Mpeni yule kijana wa ujenzi."

Mngurumo. Kisha akacheka, ila kwa kifupi. "Haya mzee, nimekupata. Mpaka kwa simu! Wanyamwezi mna nguvu nyie."

Nilikata. Nikarudisha simu mahali pake, kioo kikitazama chini, kama alivyoiacha Mwajuma.

Sikutetemeka. Sijawahi kuwa na mkono mtulivu hivi tangu mwaka jana.

Jumatano, 16 Julai

Zuhura anaisubiri simu. Anaichukua mpaka bafuni. Ananiuliza kama na mimi nilikuwa nasubiri hivi nilipokuwa kijana. Nikasema sisi tulipangiwa, hatukuomba.

Amenisugua mgongo kwa mafuta ya nazi. Ana mikono ya mama yake. Nilifumba macho nisimwone.

Alhamisi, 17 Julai

Simu ilikuja saa tano asubuhi. Hakuwa Kondo, alikuwa karani wa ofisi. Nafasi amepewa yule kijana. Wanamshukuru kwa kuomba, wanamtakia kila la heri.

Zuhura alisema "ahsante sana" mara nyingi kupita kiasi. Aliweka simu mezani, akaenda kumalizia kuosha vyombo. Tulisikia sahani moja ikigongana na nyingine, tena na tena, polepole. Mwajuma alimfuata. Akarudi peke yake. "Anasema yuko sawa," aliniambia, macho mekundu.

Mchana ulikuwa ugali na kisamvu cha karanga. Nimekula. Nimemaliza sahani. Mwajuma alisema alhamdulillahi, baba leo umekula.

Ijumaa, 18 Julai

Kondo alikuja bila kupiga hodi kwa kelele. Alivua kofia. Nilidhani najua amekujia nini kabla hajafungua mdomo. Nikajiandaa. Nilifikiri anakuja kunishitaki.

Alikuja kuniomba radhi mimi.

Siku ile nilipopiga, alikuwa barabarani na mkuu wake, Injinia Neema. Simu yake imeunganishwa na spika za gari. Maneno yangu yote yalijaa ndani ya gari. Mama yule ni mtu wa Arusha, amehamia juzi, hana utani na mtu yeyote huku kwetu. Aliuliza huyo ni nani. Kondo akasema ni babu wa Zuhura, ni mtani wangu, tunataniana. Mama akasema hajawahi kusikia mtu anayetania kwa sauti ile. Akasema kama mhandisi mzee, babu mzazi, anamkataa mjukuu wake mwenyewe, yeye ni nani amchukue.

"Nilimwambia, mama, hiyo ndiyo desturi yetu," Kondo alisema. "Kadiri mtu anavyokaza uso ndivyo utani unavyonoga. Hakunielewa. Mzee, ni kosa langu. Ningezima spika. Utani wetu umemponza mtoto."

Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Zuhura alisimama mlangoni, amesikia yote.

Nilipaswa kusema kitu. Nilifungua mdomo. Zuhura alinitangulia. Alikuja akapiga magoti mbele ya kiti changu, akashika magoti yangu. "Babu, usijisumbue moyo. Ulikuwa unatania. Asiyejua kutaniwa ni yeye."

Kondo akasema ndiyo, ndiyo. Mwajuma akasema jamani, wageni hawa.

Mimi nikatikisa kichwa kukubali.

Jumapili, 20 Julai

Hawajawahi kunitunza kama wanavyonitunza sasa. Wanaogopa nisife kwa majuto ya utani. Mwajuma amenichinjia kuku. Zuhura anatuma maombi Dar, Mwanza, Kahama. Anafanya hivyo varandani, mbali nami, nisimwone nikaumia.

Nimepata maficho ambayo hata mwizi hawezi kuyaota. Nilisema ukweli mara mbili, kwa sauti kavu, na kabila zima limesimama kuapa kwamba nilikuwa nacheza. Mtu mmoja tu amenisikia vizuri, mwanamke ambaye sijawahi kumwona.

Naye ndiye aliyeamua vibaya. Aliniamini kuhusu binti. Hakujua sababu.

Nikifa nikiwa kimya, Injinia Neema atabaki na neno langu kwamba Zuhura hafai. Atalisema mahali pengine, kwa nia njema. Kazi hizi ni za watu wachache wanaojuana. Najua, nimeishi humo.

Jumatatu, 21 Julai

Nilimwita baada ya uji. Nilimwambia asipige magoti, akae kwenye kiti.

Nikasema, "Zuhura, sikuwa natania."

Alicheka. "Umeanza, mume wangu."

Nikasema tena. Akacheka tena, kidogo, akaangalia mlangoni kama kuna mtu tunamchezea mchezo. Desturi yetu ni mbaya hapo. Haina mlango wa kutokea. Kila nilivyokaza uso, ndivyo alivyosubiri mwisho wa mzaha. Ilibidi nimwambie mambo ambayo hayana nafasi kwenye utani. Nilimwambia kuhusu ile karatasi ya Puge. Nikamwambia sikutaka kulala siku ile, nilitaka asiwepo. Nikamwambia niliposikia makofi kwenye video nilidanganya kuhusu sauti. Nikamwambia nilisubiri mama yake atoke ndipo nikachukua simu.

Hapo kwenye simu ndipo uso wake ulipobadilika.

Hakulia. Aliuliza jambo moja. "Unaona kweli siwezi?"

Nikasema, "Unaweza. Ndiyo sababu."

Mikono yake ilikuwa imelala mapajani. Nje watoto walikuwa wanakimbiza tairi. Kisha akachukua simu yake, akatafuta namba, akanipa. "Basi umwambie yeye."

Injinia Neema alipokea baada ya milio mingi. Sauti ya mtu mwenye kazi. Nilijitambulisha. Nilisema nilichokisema wiki iliyopita nilikisema kwa dhati, alikuwa sahihi kunisikia hivyo, lakini sababu haikuwa uwezo wa binti. Sababu ni kwamba nilishindwa kazi ambayo yeye anaiweza, na sikutaka kuishi kumwona akiiweza.

Akauliza, "Mzee, kwa nini nikuamini leo, wakati Jumatatu iliyopita ulisema kinyume?"

"Jumatatu iliyopita sikutaja sababu. Leo nimeitaja mbele yake. Amekaa hapa ananitazama."

Akauliza kama kuna mtu ananilazimisha. Nikasema hapana. Akauliza ninaumwa nini. Nikamwambia. Akasema pole, mzee wangu. Akaniambia kazi ile imeshajazwa, haiwezi kurudishwa, kijana amesaini na ni kijana mzuri. Nikasema naelewa. Akasema ataona.

Zuhura alipokea simu yake mkononi mwangu. Akanifunika blanketi vizuri. Akatoka.

Jumatano, 23 Julai

Injinia Neema amempigia. Kipande cha Igunga kitaanza mwezi ujao, hakina mtu wa ratiba. Miezi mitatu ya majaribio. Akifaulu, atabaki. Hakuahidi zaidi. Alimwambia pia asimtegemee mtu yeyote kumsemea, wala kumsema.

Mwajuma alipiga vigelegele. Hajui ya Jumatatu. Anadhani Kondo amesuluhisha, na Kondo anadhani mama wa Arusha ameanza kuzielewa mila. Zuhura hajawaambia. Nilimuuliza kwa nini. Alisema, "Ni yako hiyo, babu. Si yangu kuitangaza."

Babu. Tangu juzi ni babu tu. Asubuhi ananipa shikamoo kwa adabu zote, kama mtoto wa jirani. Chai ananipa kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika kiwiko. Mwajuma ameona. Aliuliza mke na mume mmegombana? Zuhura alitabasamu tu.

Jumamosi, 26 Julai

Ameondoka alfajiri, basi la Igunga. Begi moja, buti mpya, kofia ngumu imefungwa nje ya begi kwa kamba. Aliniamkia, nikaitikia. Aliweka kiganja kichwani pangu muda mrefu kidogo, kama anayepima homa. Kisha sauti ya bodaboda, ikapungua, ikaisha.

Nyumba imetulia. Mwajuma amelala, maskini, ameamka tangu saa tisa kumkaangia maandazi ya njiani. Jua limefika kwenye kiti changu. Pumzi ni fupi leo ila haziumi.

Nilimwambia Zuhura mengi siku ile, naye Injinia Neema nilimwambia yaliyobaki. Wanadhani wamesikia yote. Moja sikulisema, wala sitalisema kwa mdomo. Alhamisi ile, karani alipopiga simu, na Zuhura akawa jikoni anagonganisha sahani, nilifurahi.